Dripu za kansa na mionzi: kwa nini tumbo nalo linaumia?

Leo tuweke siasa na mpira pembeni tuongelee afya.

Mgonjwa wa kansa akitoka huku kwetu Turiani kwenda kutibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar, baada ya wiki mbili tatu anaweza kupiga simu nyumbani: anaharisha, mdomo una vidonda, chakula hakipiti. Basi kijiweni maneno yanaanza, "si mnaona, mionzi inaua, arudi tu." Jamani, ushauri huo ni wa hatari. Sababu ni hizi.

Kansa ni seli zinazogawanyika bila breki. Dawa nyingi za dripu zinawinda seli inayogawanyika. Cisplatin inafunga nyuzi za DNA zisinakiliwe, na vincristine, iliyotokana na ua la Madagaska, inazuia seli kujigawa mara mbili. Mionzi yenyewe inakata DNA. Tatizo ni kwamba mwilini zipo seli nzima zinazogawanyika haraka vilevile: za nywele, za uboho unaotengeneza damu, za mdomo na za utumbo.

Utumbo mwembamba ndio balaa. Ngozi yake ya ndani inabadilishwa karibu yote kila siku 3 hadi 5. Kazi hiyo inafanywa na seli mama zilizojificha kwenye vishimo vidogo vidogo. Wanaoijua miwa ya Mtibwa watanielewa: ukikata muwa, shina linachipua tena bila kupanda upya. Dawa na mionzi vinapiga mashina. Seli za juu zinaendelea kudondoka kama kawaida, ila mpya hazipandi. Ukuta unabaki wazi, maji hayafyonzwi vizuri, mtu anaharisha, na bakteria wanapata njia.

Ndiyo maana dripu zinapishana, mara nyingi wiki 3, ili mashina yachipue. Mionzi nayo haitolewi yote kwa mkupuo. Kwa kansa ya shingo ya kizazi, mara nyingi ni dozi ndogo kama 25, siku 5 kwa wiki. Seli nzima zinajitengeneza vizuri kuliko za kansa katikati ya dozi. Lakini ukikatisha, kansa nayo inachipua! Kwa kansa hiyo, matibabu yote yakipita wiki 8, nafasi ya kupona inashuka.

Sasa mgonjwa afanye nini?

- Amwambie daktari au nesi mapema, asione aibu.
- Anywe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo.
- Ale uji, wali laini, ndizi. Pilipili, pombe na vyakula vya mafuta aache. Maziwa yakimzidishia, aache pia.
- Dawa ya kuzuia kuharisha asijinunulie dukani bila kuuliza.
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu kwenye choo, au kushindwa kunywa: hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kinga yake iko chini.

Kwa wengi hali inatulia wiki chache baada ya kumaliza tiba. Wachache wa mionzi ya nyonga hupata shida ya choo au damu miezi, hata miaka baadaye. Nao warudi hospitali.

Kwa hiyo ndugu yako akipiga simu analia, usimwambie apande basi la Morogoro. Mwambie akamwone daktari wake leo. Mwenye swali aliweke hapo chini.