Malkia Ndani ya Mrija

Mvua za kwanza zikishanyesha Iringa na Mbeya, asubuhi hukuta mbawa zimetapakaa barazani. Nyingi ni za kumbikumbi, ambao watoto huwawahi kwa ajili ya kukaanga. Sisimizi nao wana msimu wao wa kuruka, ila maisha yao ni tofauti. Kumbikumbi ni mchwa, na mfalme na malkia wao huanza nyumba pamoja. Dume la sisimizi hufa muda mfupi baada ya kupandana. Malkia hung'oa mbawa zake mwenyewe, huchimba shimo na kujifungia peke yake.

Elimu ya kumlea malkia huyu haikuja kwa siku moja. Mwaka 1810 Pierre Huber wa Geneva alichapisha uchunguzi wake wa sisimizi. Miaka ya 1870 John Lubbock, Mwingereza, aliwafuga katika viota vya vioo. Malkia wake mmoja aliishi karibu miaka 15, akafa mwaka 1888. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa Charles Janet alionyesha kwamba misuli iliyombeba malkia angani huyeyuka mwilini na kuwalisha wanawe wa kwanza.

Kwa hiyo, kwa spishi nyingi, mfugaji wa leo ana kazi ndogo: mrija wa kioo, maji yaliyozuiwa kwa pamba, pamba nyingine mlangoni, na giza. Chakula hakihitajiki mpaka vibarua wa kwanza watoke. Kinachohitajika ni kumwacha malkia atulie.

Utulivu huohuo ndio unaomfanya asafirishike. Aprili 2025, huko Naivasha, Kenya, vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia wa *Messor cephalotes*, ndani ya mirija yenye pamba. Tarehe 7 Mei mahakama ya Nairobi iliwahukumu kila mmoja faini ya shilingi milioni moja za Kenya au kifungo cha miezi 12. Walisema walikuwa wakikusanya kwa kujifurahisha tu.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalijua neno hilo, kukusanya. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa jeshi la Ujerumani, Friedrich Fülleborn, alizunguka huku akikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Berlin. Mtawala wa Wahehe, Mkwawa, alipokufa mwaka 1898, hata kichwa chake kilichukuliwa. Fuvu lilirudi mwaka 1954, na leo limo ndani ya kioo pale Kalenga.

Kumlinganisha mdudu na Mkwawa si kusudi langu. Ninachouliza ni nini kinachoweza kurudishwa. Malkia wa sisimizi hupandana katika msimu mmoja tu wa maisha yake, kisha hutunza mbegu hiyo kwa miaka yote iliyobaki. Ukimchukua, umechukua kundi zima ambalo bado halijazaliwa, pamoja na kazi ambayo lingeifanya: kugeuza udongo na kusambaza mbegu za nyasi.

Mtu akitaka kujifunza, amchukue mmoja barazani kwake, amfuge hapohapo, asimwachie mbali na alikomtoa. Lubbock alijifunza mengi kwa malkia wake na subira ya miaka mingi.