Waliobaki Nje ya Mlango

Tukihesabu miaka ya kazi ya misioni katika Nyanda za Juu Kusini, tumezoea kuhesabu makanisa, shule na hospitali. Yafaa kuwahesabu pia wale waliobaki nje ya mlango. Hapa twataka kueleza habari za vijana wenye ulemavu wa akili, na jinsi njia ya kwenda chuoni ilivyokuwa ndefu kwao.

Mwaka wa 1891 wamisionari Wamoravian walifika Rungwe, na wenzao wa Misioni ya Berlin wakajenga karibu nao. Karne ile haijaisha, Injili ilikuwa imefika Iringa pia. Kila walipojenga walifungua shule. Watoto wakafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengine useremala na uashi. Kazi ile ilikuwa njema. Lakini kipimo chake kilikuwa kusoma, na mtoto asiyeweza kufuatana na wenzake alibaki nyumbani.

Baadaye milango ilifunguka mmoja mmoja. Wasioona walipata shule Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka wa 1950. Viziwi walipata yao Tabora mwaka wa 1963. Wenye ulemavu wa akili wakangoja hata miaka ya 1980, ndipo madarasa yao yalipoanza. Asiyeona hupewa maandishi ya nukta, na kiziwi hupewa lugha ya alama. Bali mwenye ulemavu wa akili ahitaji kitu ambacho shule zetu hazina kingi, yaani muda.

Na hata akiisha kupata darasa, liko swali la pili: baada ya shule, aende wapi? Mlango wa sekondari hufunguliwa kwa mtihani, na mlango wa chuo kwa cheti. Serikali iliweka vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kama Yombo katika Dar es Salaam na Ruanzo katika Mbeya; lakini kadhaa katika hivyo vilikaa miaka mingi bila wanafunzi. Basi kijana wa miaka 20 akarudi kuketi uani kwa mama yake, naye mama akawaza peke yake: nikifa, atakaa na nani?

Iringa ikaonekana njia. Mwaka wa 2003 Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha karakana ya Neema Crafts, na mwanzilishi wake alikuwa Susie Hart, msanii kutoka Uingereza. Walianza na vijana 3 viziwi, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kazi zikaongezeka, na mkahawa ukafunguliwa ambamo viziwi huwahudumia wageni.

Neema haikuanzishwa kwa ajili ya wenye ulemavu wa akili. Lakini walimu na waiangalie kazi ile ya karatasi. Nyuzi huoshwa, huchemshwa, hupondwa, hutandazwa juu ya wavu, kisha hukaushwa. Kila hatua ni fupi, hurudiwa kila siku, na kosa huonekana mara moja likasahihishwa. Hivyo ndivyo ajifunzavyo mwenye ulemavu wa akili: kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa mkono na kwa jicho. Mwenda pole hajikwai.

Wala jambo hili si sadaka tu. Mwaka wa 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaka elimu ya juu, ya ufundi na ya watu wazima iwe wazi kwao sawasawa na wengine; mwaka wa 2010 ikatunga sheria yake yenyewe. Huko Marekani sheria ya mwaka wa 2008 iliruhusu vijana wenye ulemavu wa akili wapewe msaada wa ada katika vyuo vilivyoandaa masomo yao.

Makanisa yetu yamefungua vyuo vikuu: Walutheri Iringa mwaka wa 1994, Wamoravian Mbeya kwa jina la Teofilo Kisanji. Waliojenga kumbi kubwa namna hiyo hawashindwi kuongeza chumba kimoja chenye meza ya kazi na mwalimu mvumilivu.

Basi, enyi walimu na wazee wa mitaa, andikeni majina ya vijana hawa katika usharika wenu, mkaulize kila mmoja yuko wapi leo. Kazi hii huanza kwa orodha hiyo.