Utabiri wa Hatari ya Moto wa Nyika (Kitui na Makueni)

Ni ilimu ya kukadiria, kabla cheche haijaanguka, jinsi moto utakavyoweza kuwaka na kuenea katika majani na vichaka, kwa kupima joto, ukavu wa hewa, nguvu ya upepo na siku zilizopita tangu mvua ya mwisho. Katika Ukambani ilimu hii ina sharti lake: hatari ya Septemba haitokani na jua la Septemba tu, bali yaanzia katika mvua zilizotangulia, ambazo zikinyesha kwa wingi huotesha majani marefu, na kiangazi, ambacho Wakamba hukiita thano, huyakausha yakawa kuni, ilhali mwaka wa ukame mkali mifugo huyamaliza majani, ardhi ikabaki tupu, na moto hauna cha kushika. Mtabiri atazamaye kipimajoto peke yake hukosea pande zote mbili.

Katika vituo vya hali ya hewa, kama kile cha Makindu, vipimajoto viwili hukaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao chenye kuta za vibao vilivyoachana ili hewa ipite: kimoja kikavu, na cha pili kimevishwa melimeli iliyolowa maji. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo maji yafukizikavyo upesi na cha pili kushuka chini ya mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo ionyeshayo unyevu. Majani membamba yaliyolowa umande alfajiri huweza kuwa tayari kuwaka adhuhuri. Ndiyo maana wazima moto wa nchi nyingi huwa macho zaidi alasiri, joto likipita digrii 30, unyevu ukiwa chini ya asilimia 30, na upepo ukizidi kilomita 30 kwa saa.

Mfano ulio dhahiri wa hatari hii ni Milima ya Chyulu, safu ya volkano changa mpakani mwa Makueni na Kajiado, yenye kupanda zaidi ya mita 2,100, ambayo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1983. Mvua na ukungu wake hupenya katika mawe ya lava bila kufanya mto, maji yakaibuka kwenye chemchemi za Mzima, ambako Mombasa nayo huvuta kwa bomba. Hivyo msitu wa juu, unaonasa ukungu huo, ukiteketea, hasara haiishii kwa miti na wanyama. Na kwa kuwa huko juu hakuna mto wala ziwa, askari wa wanyama na wanavijiji huupiga moto kwa matawi mabichi na kufyeka njia mbele yake, huku mteremko ukiuharakisha kupanda, kwani ndimi zake hukausha majani kabla ya kuyafikia.

Radi, ambayo huko Kanada na Australia huwasha mioto mikubwa, huku aghalabu huja na mvua yake. Ya kuhofiwa ni ile ya mwanzo wa vuli, matone yanapokauka hewani kabla ya kugusa chini. Lakini mioto mingi huanzia kwa mrina asali, mchoma makaa au mfugaji atafutaye majani machanga.

Satelaiti, kama Terra iliyorushwa mwaka 1999, huonyesha moto uliokwisha kuwaka, na wingu likitanda haziuoni. Faida yao kubwa zaidi ni kupima ubichi wa majani wiki hata wiki, zikadhihirisha, masika yanapokwisha, ni wapi kuni za thano zimerundikana, ili njia za kuzuia moto zifyekwe Juni, wakati majani bado yana maji na watu wana wasaa.