Kutoka Miiko hadi Ubia: Mahindi ya Ufipa na Siasa ya Wastani

Swali ninalolileta mbele yenu ni la zamani: je, chama kinachotetea wanyonge hufika mbali zaidi kinapolegeza msimamo na kushirikiana na makampuni, au hupotea njiani? Napendekeza tulitazame kutoka Sumbawanga, kwani siasa ya bei hupimwa vizuri zaidi kule uliko mbali na soko.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ikaweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa nyanda za Ufipa akalipwa sawa na mwenzake wa Morogoro. Gharama ya umbali ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974, ukahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Lakini usawa huo ulikuwa na gharama yake: NMC ilizama katika madeni, na wakulima wakacheleweshewa malipo.

Kisha yakaja malegezo. Baada ya makubaliano ya mwaka 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, bei moja iliachwa, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hadi kufutwa katika miaka ya 1990. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM iliyokutana Zanzibar ililegeza miiko ya uongozi. Sheria ya maadili ya mwaka 1995 ikamtaka kiongozi atangaze mali zake. Haikumzuia kuwa nazo. Lugha nayo ikageuka: aliyeitwa bepari na mnyonyaji akawa mwekezaji, kisha mbia, kisha mdau.

Watetezi wa wastani wana hoja. Wafanyabiashara binafsi walinunua mahindi pale NMC iliposhindwa kulipa. Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa SAGCOT, ulioikutanisha serikali na makampuni kama Yara ya Norwei, na Sumbawanga ikawa mojawapo ya kongani zake. Hata hivyo, kampuni ya mbolea kazi yake ni kuuza mbolea. Haijitwishi umbali wa mnunuzi. Ruzuku ilipofufuliwa mwaka 2003 ilianza kama ruzuku ya usafirishaji, kutoka hazina ya umma. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga nayo ilijengwa kwa fedha za umma, tena za serikali ya Marekani.

Kwa hiyo wastani wenyewe si usaliti, wala ukali peke yake haumlipi mkulima. Kosa la mwaka 1991 halikuwa kuzungumza na mwenye mtaji. Kosa lilikuwa kuuondoa uzio kati ya anayepanga bei na anayefaidika nayo, kabla ya kuamuliwa ni nani sasa atakayeubeba umbali wa Ufipa. Penye uzio huo, ubia unaweza kumfaa mnyonge. Usipokuwapo, umbali humrudia yeye.