Mshika Mbili: Historia Fupi ya Watu wa Kazi Nyingi

Wazee wetu husema mshika mbili moja humponyoka. Methali hii naisikia karibu kila wiki, maana nafanya kazi na vijana hapa Kakuma, na vijana wetu wanashika mbili, tatu, hata tano. Kijana huyohuyo ananyoa nywele asubuhi, mchana anamtafsiria mtu mwenye miadi ofisini, Jumamosi anapiga video ya harusi, usiku anaikata ile video kwenye simu yake na kurusha vichekesho mtandaoni. Ukimuuliza kazi yake ni gani, anacheka tu. Mzazi anasema huyu hajatulia. Afisa wa shirika anamwambia achague kozi moja, ushonaji au kompyuta, aache kurukaruka.

Mimi nimeishia sekondari, lakini historia naipenda. Nikaanza kutafuta: je, hawa ni watoto wa simu waliokosa utulivu, au kuna watu waliowatangulia? Kumbe wametanguliwa na wengi. Na katika maisha ya hao waliotangulia nimeona jambo moja linarudi kila mara. Mtu alikuwa huru katika kazi yake, lakini pesa ilipitia kwenye mlango wa mtu mwingine. Hilo ndilo nataka tulitazame, kwa sababu vijana wetu wamesimama mbele ya mlango kama huo leo.

Tuanze pwani. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika familia maskini. Mama yake alifinyanga vyungu, na yeye akavibeba kwenda kuviuza. Inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla hawajaona vyungu, kwa kuwa alitangaza biashara kwa kuimba. Baadaye akahamia mjini, akajifunza muziki, akaungana na wapigaji, akaimba taarabu kwa Kiswahili wakati taarabu ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na santuri hizo zikauzwa huku kwetu Afrika Mashariki. Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Huyo mama alikuwa mchuuzi, mtangazaji na mwimbaji. Hakusubiri mtu amwajiri. Lakini mashine ya kurekodi haikuwa Unguja. Ilikuwa ng'ambo ya bahari, na mwenye mashine ndiye aliyetengeneza santuri na kuziuza. Sauti ilikuwa ya Siti, mlango ulikuwa wa kampuni.

Mlango huo unaweza kumla mtu. Solomon Linda alikuwa Mzulu wa Afrika Kusini, mwenye kikundi cha waimbaji kilichoitwa Evening Birds. Mchana alifanya kazi ya kufunga santuri kwenye kampuni ya Gallo huko Johannesburg, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomrekodi. Mwaka 1939 alirekodi wimbo wake "Mbube", akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukaenda Marekani, ukabadilishwa maneno, mwaka 1961 ukavuma dunia nzima kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya The Lion King. Linda mwenyewe alikufa maskini mwaka 1962. Watoto wake walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 ndipo yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa. Yaani tangu kurekodi hadi makubaliano ni miaka 67. Watoto wetu wanaimba wimbo huo shuleni bila kujua kwamba kuna familia iliyougombania mahakamani.

Sasa twende kwetu Kongo. Sisi tuliotoka huko hatuhitaji kufundishwa maana ya kazi nyingi. Tangu miaka ya 1960 watu wanataniana kwamba katiba ina Artikle ya 15, inayosema: jidebruye. Mshahara wa serikali ulipokosa thamani, mwalimu akawa mchuuzi, na karani akarudi nyumbani kutengeneza redio za majirani. Hakuna aliyewaambia kwamba hawajatulia. Mtu alishika mbili kwa sababu moja haikumlisha.

Katika wakati huo aliishi mtu ambaye natamani kila kijana wa kambi amjue. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Alichora picha kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kuziuza. Wateja wake walikuwa watu wa kawaida wa mjini waliotaka picha ya kutundika sebuleni: Lumumba, wafungwa wa wakati wa Mbelgiji, au mamba muntu, yule nusu mtu nusu samaki. Picha kama hizo waliziita ukumbusho. Kwa hiyo mchoraji alikuwa fundi, mfanyabiashara na msimulizi kwa wakati mmoja. Tshibumba mwenyewe alijihesabu kuwa mwanahistoria, ingawa hakuna chuo kilichompa cheo hicho.

Miaka ya 1973 na 1974 alikutana na Johannes Fabian, mtafiti aliyekuwa anafundisha Lubumbashi. Akamchorea historia nzima ya nchi, picha kama mia moja, na wakaongea juu ya kila picha kwa Kiswahili cha Shaba huku kinasa sauti kikizunguka. Mazungumzo hayo na picha hizo zilitoka kama kitabu mwaka 1996. Wakati huo Tshibumba alikuwa hajulikani aliko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha ziko katika makumbusho ya Amsterdam. Bila yule mnunuzi, picha zingetawanyika sebule kwa sebule na huenda leo tusingezijua. Lakini pia, bila mnunuzi mwenye uwezo wa kununua historia nzima, Tshibumba angeendelea kuchora kile kilichouzika sokoni wiki hiyo. Mkono ulikuwa wake, ila aliyeshika pesa ndiye aliyeamua ni kiasi gani cha historia kitachorwa.

Kuna neno la Kiingereza ambalo vijana wetu wanalipenda sana siku hizi: frilansa. Lilipata kujulikana kupitia riwaya ya Walter Scott, Ivanhoe, ya mwaka 1819. Humo lilimaanisha askari wa mkuki asiyeapa kumtumikia bwana yeyote, anayepigana kwa ajili ya anayemlipa. Mkuki ulikuwa huru, sawa. Lakini vita vilikuwa vya mabwana, na pesa ilikuwa yao.

Halafu ikaja intaneti, na ikasemekana kwamba sasa milango imekwisha. Kwa kweli kilichotokea ni kikubwa. YouTube ilianza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Google kwa dola bilioni 1.65. Mei 2007 ilianza kugawana pesa za matangazo na baadhi ya watengenezaji wa video. Mwaka huohuo, mwezi Machi, M-Pesa ilizinduliwa hapa Kenya. Yaani ndani ya miezi mitatu dunia ilipata njia ya kumlipa mtu wa kawaida kwa video yake, na Kenya ikapata njia ya kutuma pesa kwa simu. Mwaka 2013 mwanamuziki Jack Conte na mwenzake Sam Yam wakaanzisha Patreon, ambako mashabiki wanamlipa msanii kidogokidogo kila mwezi. Hakuna haja tena ya kwenda Bombay. Mtu mmoja anaandika, anaigiza, anapiga, anakata, anauza.

Ila mlango ulibaki, ulihama tu. Kulikuwa na Vine, programu ya video za sekunde 6, iliyozinduliwa Januari 2013. Vijana wengi walipata jina huko. Januari 2017 ikafungwa, na aliyekuwa na watazamaji huko tu ikabidi aanze upya kuwatafuta kwingine. Januari 2018 YouTube ikatangaza kwamba chaneli isiyofikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 haitapata tena pesa za matangazo. Wenye chaneli ndogo hawakuwa wameacha kazi wala kuiharibu. Sheria ilibadilika wakiwa wamelala.

Huku kambini mlango una kufuli la pili, ambalo ni kitambulisho. Si kwamba hatuna watu. Kakuma ilianza mwaka 1992, na mwaka 2008 wakimbizi waliokuwa hapa walianzisha gazeti lao, Kanere, likatoka mtandaoni. Watu walewale waliandika, wakahariri na kupiga picha. Uwezo upo. Lakini ili ulipwe mtandaoni unahitaji akaunti yenye jina lako, na jina hilo lilingane na karatasi inayokubaliwa. Kijana mmoja ninayemfahamu alikuwa na chaneli ya vichekesho iliyoanza kuingiza pesa. Kadi yake ilikataliwa, basi akaunti ikaandikishwa kwa jina la rafiki. Rafiki akapata safari, akaenda kuishi ng'ambo. Pesa ikamfuata mwenye jina. Mwanzo alikuwa anatuma, halafu akanyamaza. Kijana bado anapiga video za harusi, lakini vichekesho ameacha. Nikisoma habari za Solomon Linda namwona huyu.

Je, wazee walikosea na methali yao? Sidhani walikosea kabisa. Siti aliuza vyungu, lakini sauti aliijua kwa kina. Linda alifunga santuri, lakini kuimba ndiko alikozama. Tshibumba alichora chochote kilichouzika, huku moyoni akiwa na historia moja ndefu. Mwenye kazi nyingi aliyeacha alama alikuwa na moja ambayo ndiyo mzizi, na nyingine zilimlisha wakati mzizi unakua. Hiyo ndiyo naomba vijana wachukue. Nyoa, tafsiri, piga harusi, hakuna aibu. Lakini ujue ni ipi ungeifanya hata bando likiisha.

Na mambo mengine ni ya kawaida sana. Andika jina lako kwenye kazi yako. Tshibumba alitia saini picha zake, na ndiyo maana tunazitambua leo. Tunza nakala ya kazi zako kwenye memori kadi, zisibaki kwa mwenye programu peke yake. Andika namba za wateja kwenye daftari. Usiuze wimbo au video bila kujua unauza nini, hata ukipewa pesa ya haraka siku una njaa. Na kama akaunti itabidi iwe ya jina la mwingine, mkubaliane mbele ya mashahidi na muandike, kama tunavyofanya kwenye vyama vya kuweka akiba.

Kwenu ndugu zetu wa mashirika, nina ombi. Tunashukuru kwa kozi. Lakini kozi ya kukata video bila somo la mikataba na haki za kazi ni kama kumfundisha Linda kuimba vizuri zaidi halafu kumrudisha palepale pa shilingi 10. Mnapohitaji video ya sherehe zenu, mlipeni aliyeipiga na muandike jina lake chini, cheti peke yake hakinunui mafuta ya kupikia. Na mnapokaa na serikali na kampuni za pesa kuzungumza juu ya ajira ya wakimbizi, lisemeeni suala la karatasi. Kijana anaweza kujifunza kazi tano peke yake. Kuifanya kadi yake ikubalike hawezi peke yake.