Nyuma ya Kuruta: Wazazi na Jeshi la Kujenga Taifa Tangu 1963

Historia ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nchini Tanzania kwa kawaida husimuliwa kutoka ndani ya kambi: tarehe 10 Julai 1963 lilipoanzishwa, mashamba lililoyafyeka, majengo lililoyainua, na vizazi vya vijana waliojifunza humo kwata na ukakamavu. Nyumba walikotoka vijana hao hazitajwi sana, ingawa hakuna kuruta, yaani kijana aliye katika mafunzo ya awali ya kijeshi, aliyewahi kuingia kambini bila kuacha nyuma mama au baba anayehesabu siku. Historia hiyo ikitazamwa kutoka nyumbani, hubainika kwamba wazazi waliumudu mwito wa serikali kadiri walivyoweza kupata majibu ya maswali matatu: mtoto yuko wapi, nani anamwangalia huko, na atarudi lini. Kila lilipokosekana jibu moja kati ya hayo, uvumilivu wao ulitikisika, hata pale walipoiamini serikali yenyewe kwa moyo wote.

Maswali hayo ni ya kale kuliko jeshi lolote la kisasa. Katika jamii nyingi za kusini na pwani ya Tanzania, mvulana alipofikia umri wa jando alitolewa nyumbani na kupelekwa kumbini, yaani kambi ya porini ambako wari, yaani wavulana walioingizwa jandoni, walitahiriwa, wakauguzwa na kufundishwa mila, na mama yake hakuruhusiwa kukanyaga huko mpaka siku ya kutoka. Utengano huo ulikuwa mkali, kwa kuwa mtoto aliweza kuugua na hata kufa akiwa mbali na mama, lakini ulikuwa na mpangilio uliowasaidia wazazi kuubeba: kumbi lilijulikana liko upande gani wa kijiji, kungwi, yaani mwalimu wa wari, alikuwa mtu wa ukoo au jirani aliyeaminika, chakula kilipikwa nyumbani kikapelekwa, na siku ya kutoka ilisubiriwa na kijiji kizima kwa ngoma na nguo mpya. Wazazi wenyewe walishika miiko katika kipindi hicho, na miiko hiyo iliwapa kazi ya kufanya kwa ajili ya mtoto wasiyeweza kumwona. Katika hekima ya malezi iliyorithiwa, huenda hili ndilo lililokuwa jambo zito kuliko yote: mzazi hakuachwa akae bure na hofu yake.

Dola ya kikoloni ilichukua vijana bila mpangilio wa namna hiyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wajerumani waliwakamata wanaume kwa maelfu ili wabebe mizigo ya majeshi, na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi. Wapagazi zaidi ya 40,000 waliokuwa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na uchovu kuliko kwa risasi, na familia nyingi hazikupata habari ya mahali wala siku ya kifo. Katika Vita Kuu ya Pili hali ilikuwa afadhali kidogo kwa waliojiunga na King's African Rifles, kikosi ambacho wenyeji walikiita Keya, kwa sababu askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikapelekwa kwa jamaa zake. Hata hivyo mzee wa kijijini aliyeambiwa kwamba mwanawe yuko Burma hakuwa na namna ya kulipima neno hilo kwa hatua wala kwa siku za safari.

Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyokuwepo majumbani wakati Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipotoa wazo la kuwa na jeshi la vijana wa kujenga nchi, likaanza na kambi ya Mgulani, Dar es Salaam. Mwanzoni JKT lilikuwa la kujitolea, na waliovutwa zaidi ni vijana waliomaliza shule ya msingi bila kupata kazi wala nafasi ya kuendelea na masomo. Kwa wazazi wa vijana hao kuagana hakukuwa msiba, kwa sababu kijana aliyekuwa akizurura alipata chakula, sare na matumaini ya ajira. Matumaini hayo yaliongezeka baada ya maasi ya Januari 1964 ya askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, kwa kuwa serikali ilipounda Jeshi la Wananchi wa Tanzania tarehe 1 Septemba mwaka huo, iliwatafuta askari wapya miongoni mwa vijana wa chama na wa JKT.

Mgogoro ulikuja 1966, na ulihusu wazazi wa aina nyingine kabisa. Serikali ilipendekeza kwamba wahitimu wa kidato cha sita, vyuo na chuo kikuu walitumikie taifa kwa lazima kwa miaka miwili, sehemu ya muda huo wakiwa kambini na sehemu kubwa wakiwa katika kazi zao za kawaida kwa malipo ya asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho, kupinga masharti hayo. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akaamuru karibu wanafunzi 400 warudishwe makwao, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo limechambuliwa sana kama utangulizi wa Azimio la Arusha la Februari 1967, na uchambuzi huo ni sahihi, lakini umewasahau waliowapokea vijana hao mlangoni. Msomi wa wakati ule hakuwa mali ya nafsi yake: baba alikuwa ameuza ng'ombe au kahawa kumlipia ada, kaka alikuwa ameacha shule ili yeye aendelee, na mshahara wake wa kwanza ulikuwa umekwisha kupangiwa ada za wadogo zake na bati za nyumba ya wazazi. Makato ya asilimia 60 yaliangukia mfuko wa ukoo mzima. Ni haki kusema kwamba Nyerere alikuwa na hoja nzito alipokumbusha kuwa wakulima wote nchini ndio waliowasomesha vijana hao. Ni haki vilevile kusema kwamba mkulima mmoja mmoja, aliyemsomesha mmoja wao kwa jasho lake, alidaiwa mara ya pili. Wanafunzi wengi walirudishwa chuoni mwaka uliofuata, na utumishi wa lazima ukaendelea chini ya jina ambalo bado linatumika, yaani kujiunga kwa mujibu wa sheria.

Katika miaka ya 1970 na 1980 kwenda JKT kulizoeleka hata kukawa sehemu ya ukuaji wa kijana aliyesoma. Mwito ulipofika, familia ilitafuta tranka, yaani sanduku la bati lenye kufuli, na mama akalipanga kwa mkono wake. Mawasiliano yalikuwa kwa barua, na barua ya kutoka Bulombora ya Kigoma au Mlale ya Songea ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wengi, kila mmoja akitafuta ndani yake dalili za afya ya mwandishi. Hofu ilikuwa nzito zaidi kwa wazazi wa wasichana, hasa katika familia ambazo binti hakuwa amewahi kulala nje ya nyumba ya ndugu. Wengi wa wazazi hao walifanya kile ambacho wazee wao wangekifanya kwa kumbi: walimtafuta jamaa au mtu wa kwao anayeishi jirani na kambi, wakamkabidhi mtoto kwa ujumbe wa mdomo.

Vita vya Kagera viliyavunja majibu yote matatu kwa pamoja. Majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalipovamia Oktoba 1978, vijana wa JKT na mgambo waliongezwa katika jeshi lililokua haraka, na mtoto aliyeagwa kama mjenzi wa taifa akawa askari wa mstari wa mbele katika nchi ya kigeni mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Wengi wa waliokufa walizikwa Kaboya, mkoani Kagera, na kwa mzazi wa Lindi au Mbeya kaburi hilo lilikuwa mbali kiasi kwamba matanga yaliwekwa bila maiti.

Mafunzo ya lazima yalisimamishwa 1994 kwa sababu serikali haikuwa na fedha za kuyaendesha, yakarejeshwa 2013 kwa muda mfupi zaidi, kwa kawaida miezi mitatu. Utaratibu wa sasa umewapa wazazi kazi iliyo wazi, kwa kuwa majina na kambi hutangazwa pamoja na orodha ya vifaa: bukta ya bluu yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, fulana na raba za kijani, shuka za bluu, soksi nyeusi, nguo za baridi kwa anayekwenda mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Kwa familia yenye kipato kidogo orodha hiyo ni mzigo halisi, lakini pia ni njia ya kushiriki, na asubuhi ya safari katika stendi za mabasi huonekana akina mama wakifungua begi tena kuhakikisha rangi ya bukta.

Mafunzo yalipositishwa kwa takriban miaka 19 pakazuka pengo la ujuzi lisilotajwa sana. Baadhi ya wazazi wa 2013 walikuwa wamepita JKT wenyewe kabla ya 1994, hivyo waliweza kumweleza mtoto mchakamchaka ni nini, yaani mbio za alfajiri za pamoja zenye nyimbo, na jinsi ya kulala katika hanga, ambalo ni bweni la kambini. Wazazi wa miaka ya karibuni, waliomaliza kidato cha sita wakati mafunzo yamesitishwa, hawana ujuzi huo, na katika nyumba nyingi swali la huko kukoje huulizwa bibi au babu, ambaye hueleza kwanza namna ya kumwitikia afande na jinsi ya kutunza miguu ndani ya buti jipya.