Inspekta wa Polisi katika Hadithi za Waingereza

Katika vitabu vya hadithi vya Waingereza kuna mtu mmoja anayerudi tena na tena: inspekta wa polisi. Mtu ameuawa, wote wa nyumbani wanasema hawakuona kitu, ndipo inspekta anafika, anavua kofia, anaanza kuuliza. Wengi wetu tunadhani ni mtu wa kubuniwa tu. Lakini nyuma yake alikuwako mtu wa kweli, naye hakupata heshima anayopewa yule wa vitabuni.

Jina lake Jonathan Whicher, mtoto wa mtunza bustani. Mwaka wa 1842 polisi ya London ilitenga watu 8 tu kwa kazi ya kupeleleza, wasiovaa nguo za kiaskari. Whicher alikuwa mmoja wa wale wa kwanza, akapanda cheo mpaka kuwa inspekta.

Mwishoni mwa Juni 1860, katika kijiji cha Road, mtoto Saville Kent, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 4, alitolewa kitandani usiku. Asubuhi walimkuta amekatwa koo, ametupwa katika choo cha nje. Baba yake alikuwa mtu wa cheo. Whicher alifika baada ya majuma mawili, wakati alama nyingi zilikuwa zimekwisha kupotea. Basi akahesabu nguo. Constance, dada ya mtoto kwa baba, binti wa miaka 16, alikuwa na nguo tatu za kulala, moja haikuonekana. Inspekta akamshitaki.

Loo, hasira ya watu! Mtoto wa mtunza bustani anathubutu kufungua masanduku ya binti wa bwana mkubwa na kuhesabu nguo zake! Waamuzi walimwacha binti aende zake, magazeti yakamtukana Whicher, na mwaka wa 1864 akaacha kazi.

Mwaka uliofuata Constance alikwenda mwenyewe kukiri kwamba ndiye aliyeua. Kwanza alikuwa amemfunulia siri yake padre wa Kianglikana wa mji wa Brighton. Padre huyo, alipoulizwa mbele ya waamuzi, alikataa kusema aliyoyasikia katika maungamo, na neno hilo likaleta ubishi mpaka Bungeni. (Sisi Wakatoliki hatuhitaji kuelezwa kwa nini alinyamaza.) Constance alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikapunguzwa, akakaa gerezani miaka 20. Inspekta alikuwa ameona kweli, lakini cheo chake hakikurudi.

Sasa tazameni jinsi hadithi ilivyozaliwa. Mwaka wa 1868 Wilkie Collins alitoa kitabu The Moonstone. Humo mpelelezi Cuff anatoka London kutafuta almasi iliyoibwa katika nyumba ya watu wakubwa, naye pia anatafuta nguo ya kulala, ila hii imechafuka kwa rangi, si kwa damu. Bibi wa nyumba anamlipa na kumwondoa. Wasomaji wa siku zile walijua vizuri mambo hayo yametoka wapi.

Mwaka wa 1877 wapelelezi watatu wakubwa wa London walifungwa kwa ajili ya rushwa. Miaka kumi baadaye akatokea Sherlock Holmes, na karibu naye Inspekta Lestrade, asiyeona kitu mpaka aonyeshwe. Inspekta amekuwa mtu wa kuchekwa! Kwa maoni yetu, kicheko hicho kilikuwa na chumvi nyingi mno.

Aliyemwinua tena ni Freeman Wills Crofts, fundi wa reli kutoka Ireland. Katika miaka ya 1920 alimleta Inspekta French. Huyu hana akili za ajabu. Ana saburi. Mshitakiwa akisema, “Saa ile nilikuwa safarini,” French anachukua orodha ya saa za treni, anapanda treni ileile, anahesabu dakika, anauliza wahudumu wa stesheni mmoja mmoja. Akikwama, anarudi nyumbani na kumweleza mke wake, naye mara nyingine humwonyesha njia. Crofts aliendelea kutoa vitabu vya French mpaka 1957, mwaka aliokufa.